Mkia wa Jina la Tovuti na Mahali pa Seva

 

Tuseme wafuga nyuki wa Inyonga wameweka akiba ya fedha za asali ili wapate tovuti. Anafika fundi mwenye maneno mengi, awaambia: “Ongezeni fedha. Nitawapa jina la .com na seva ya Dar es Salaam, nanyi mtakuwa wa kwanza katika Google.” Je, watoe fedha hizo?

Tuanze na jina. Msimamizi wa darasa, tafadhali andika ubaoni: katavi.go.tz. Hiyo ni tovuti ya mkoa wetu. Herufi mbili za mwisho, tz, ni alama ya Tanzania, kama ke ilivyo ya Kenya. Herufi go huonyesha serikali. Wafanyabiashara hutumia .co.tz, na vyuo .ac.tz. Lakini .com haina nchi.

Google ikiuona mkia wa tz, huchukua kwamba tovuti hiyo yawahusu hasa watu wa Tanzania. Mtu wa Tabora akitafuta asali, mkia huo waweza kumsaidia kidogo mwuzaji wa hapa. Ikiwa mnataka wanunuzi wa Ujerumani, hautawasaidia kule. Na .com haimpandishi mtu wala haimshushi. Wengi hudhani mkia wa .tv ni wa televisheni. Sivyo! Ni wa Tuvalu, visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki. Ila kwa kuwa dunia nzima huutumia, Google haiuhesabu tena kuwa alama ya nchi moja.

Sasa seva. Seva ni kompyuta inayotunza kurasa za tovuti, nayo huwashwa usiku na mchana. Mahali ilipo ni dalili hafifu tu ya nchi, maana watu wengi hukodi seva ng'ambo, na mara nyingi nakala za kurasa huwekwa katika nchi kadhaa. Linalobaki ni mwendo. Tangu mkongo wa SEACOM ufike Dar es Salaam mwaka 2009, ukurasa uliotunzwa Ulaya hauna safari ndefu kama zamani ulipopitia setilaiti. Kwa simu ya Mpanda, picha nzito zitaukawiza ukurasa kuliko umbali wa seva.

Basi fundi yule anauza kitu kidogo kwa bei kubwa. Mnunuzi huandika “asali ya Inyonga” au “asali ya nyuki wadogo Katavi”. Je, maneno hayo yamo katika ukurasa wenu? Bei ya lita moja imo? Namba ya simu imo? Tovuti yenye “Karibuni sana” na picha ya mzinga peke yake, Google itaijuaje?

Tena ulizeni jambo moja ambalo fundi hakulitaja: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Likiwa limeandikwa kwa jina lake, siku akihama Mpanda aweza kuhama nalo, na wateja wenu pamoja. Lisajiliwe kwa jina la kikundi, na mweka hazina aandike tarehe ya kulipia tena.

Zoezi: andikeni maneno matano ambayo mgeni angetumia kutafuta bidhaa ya kijiji chenu. Someaneni kwa sauti. Kwaherini.