Kustaafu Mapema kwa Mtu Mwenye Maradhi ya Kudumu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya kuacha kazi kabla ya wakati kwa mtu mwenye maradhi yasiyopona. Nimeishi na kisukari kwa miaka 14, nami niliacha kazi ya serikali nilipotimiza miaka 52. Kwa hiyo nisemayo si ya kusikia tu.

Yako maradhi yanayopita kama mgeni, na yako yanayohamia nyumbani: kisukari, shinikizo la damu, pumu, maradhi ya figo. Aliyepatwa na haya yampasa kuchagua mwenyewe siku ya kuacha kazi, angali ana nguvu, maana akikawia maradhi yatamchagulia. Lakini kabla ya kuandika barua, na afanye hesabu. Nami naomba tuifanye pamoja hapa.

Tumtwae mtumishi wa serikali aliye katika mpango wa zamani wa pensheni. Umri wa lazima wa kustaafu ni miaka 60 tangu mwaka 2009, lakini anaweza kutoka kwa hiari akitimiza miaka 50. Kila mwezi aliotumika humpa sehemu moja katika 480 za mshahara wake wa msingi, wala posho ya nyumba haimo. Aliyeajiriwa na miaka 25, akatoka na 50, ana miezi 300. Mshahara wake ukiwa Shs. 80,000, pensheni yake ni Shs. 50,000 kwa mwezi. Angalingoja hadi miaka 60, hata kama mshahara usingaliongezeka, angalipata Shs. 70,000. Tena, robo ya pensheni ikigeuzwa kuwa kiinua mgongo, hupewa Shs. 3,000,000 kwa mkupuo, na kila mwezi hubakiwa na Shs. 37,500.

Wazee wangu, wengi wetu huitazama ile milioni tatu, na hiyo 37,500 hatuioni. Milioni tatu ina marafiki wengi: kuna nyumba isiyokwisha, kuna matatu ya shemeji, kuna ploti. Dawa hununuliwa kwa ile 37,500. Ndiyo sababu namshauri kila mwenye maradhi ashike daftari kwa miezi 12, aandike kila shilingi iliyotoka kwa ajili ya ugonjwa: dawa, vipimo, nauli ya kliniki, na chakula cha yule anayemsindikiza. Jumla hiyo ndiyo ya kwanza kuondolewa katika pensheni. Kitakachobaki ndicho cha kuishi nacho, na kama hakitoshi, basi siku ya kutoka haijafika, ama ni lazima ipatikane njia nyingine.

Njia nyingine ipo, na watu huiogopa bure. Mtumishi ambaye ushahidi wa madaktari unaonyesha kwamba hawezi tena kazi yake, na kwamba udhaifu huo yaelekea utadumu, anaweza kustaafishwa kwa ajili ya afya bila kungoja miaka 50. Lakini asiye na karatasi hana ushahidi. Nawajua watu walioficha ugonjwa wao kazini miaka mingi kwa kuona haya, wakahesabiwa kuwa wavivu, kisha wakatoka kama watu walioacha kazi kwa kupenda. Ndugu yangu, mwambie mkuu wako, na kila cheti kihifadhiwe. Hata kodi inahusika: kwa sheria iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2024, anayetoka mapema kwa sababu ya ugonjwa husamehewa kodi ya malipo yake ya pensheni, kama aliyefikia umri wa kustaafu.

Waliokuwa chini ya miaka 45 mpango mpya wa serikali ulipoanza Januari 2021, pamoja na walioajiriwa na makampuni, hesabu yao ni ya michango, wala haifuati ile ya 480. Hao wamwulize msimamizi wa mfuko wao, wapewe jibu kwa maandishi.

Jambo la bima lisisahauliwe. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya hospitali imekwisha, na mahali pake imekuja Bima ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na mwajiri wake. Mshahara ukikoma, makato hayo hukoma nao, na mtu hupimwa kwa mapato ya nyumba yake, alipe mwenyewe ya mwaka mzima, isiyopungua Shs. 300 kwa kila mwezi. Fedha hiyo itengwe kabla ya siku ya kuaga.

Sasa nyumbani. Sote twatamani kurudi mashambani, nami nilirudi. Lakini ulizeni kwanza: kliniki iko umbali gani, na mvua ikinyesha barabara hupitika? Insulini haipendi joto. Chupa iliyokwisha kufunguliwa hudumu kama siku 28 tu. Zilizobaki zataka baridi. Pasipo umeme, mtungi wa udongo uliolowa maji, ukiwekwa kivulini, husaidia sana. Na jembe lishikwe kwa viatu, kwa kuwa kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari chaweza kumpotezea mguu wenyewe.

La mwisho lawahusu ninyi, Wazee. Chama chetu humzika mwanachama kwa heshima, na jambo hilo ni jema. Lakini anayeacha kazi kwa ugonjwa hushindwa kulipa ada ya kila mwezi, na baada ya miezi michache jina lake hufutwa, wakati ule ule anapotuhitaji. Naomba mwanachama wa namna hiyo aruhusiwe kulipa ada yake mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, na ya kwamba Mweka Hazina atenge sehemu ya akiba kwa nauli ya kliniki. Naomba ombi hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano na lipigiwe kura leo, kabla hatujatawanyika.