Simu Iliyorudi Si Ile Tuliyopeleka

(Mazungumzo ya ofisi yetu ya maendeleo mbele ya viongozi wa vikundi vya akiba na mikopo)

  Tulikuwa tumepanga kuzungumza leo juu ya kuhifadhi mahindi yasiingiwe na dumuzi, lakini hayo tumeyasogeza mpaka mwezi ujao. Kuna jambo lililotokea katika kikundi kimoja hapa kwetu, na wengi wenu mmelisikia njiani, kila mtu na vile alivyoambiwa. Tumewaomba wenyewe ruhusa tulieleze jinsi lilivyokuwa. Wamekubali, ila wamesema tusitaje majina. Basi hatutayataja.

Mnakumbuka tulipatana kila kikundi kiwe na simu moja ya kikundi. Si ya mwenyekiti wala ya mweka hazina. Daftari lipo, lakini baada ya kila mkutano ukurasa unapigwa picha na kuwekwa ndani ya simu, ili hata daftari likilowa au likaliwa na panya, hesabu ibaki. Waliosoma walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tukaongeza kwamba hata daftari lenyewe linahitaji mlinzi. Kikundi hiki kilinunua simu yake katika duka moja mjini kwa shilingi 13,500, mpya, ndani ya boksi lake, na waranti ya miezi 12.

Ilipofikisha miezi minne ikaanza kujizima. Unaongea, inazima. Unaiweka kwa chaji usiku, asubuhi iko asilimia tisa. Fundi wa sokoni akaifungua kidogo, akaona heri asiiguse, akasema, "Mama, hii bado iko na waranti, nikiendelea watakataa kuipokea. Irudishe ulikoinunua." Huyo fundi tunamsifu, maana wengi wangeendelea tu.

Mweka hazina akaipeleka. Ni mama kijana, anauza mboga, na siku hiyo alifunga kibanda chake ili aende mjini. Dukani akapewa karatasi ya kutia sahihi, imejaa maandishi madogo ya Kiingereza. Akatupigia simu ofisini kutuuliza afanye nini. Nasi, tuseme ukweli mbele yenu, tulikuwa katika mkutano mwingine, tukamjibu, "Wewe tia sahihi tu, hizo karatasi ni za kawaida." Akatia. Laini akaitoa, hilo alikumbuka. Picha za daftari zikabaki ndani.

Wiki tano zikapita. Simu ilikuwa imetumwa Nairobi. Halafu akaitwa, akapewa simu ya aina ileile, rangi ileile, ndani ya mfuko wa plastiki, haina boksi. Kuiwasha, inawaka. Chaji inakaa. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo karibu na tundu la chaji, lakini mtu aliyekaa wiki tano bila simu haangalii mikwaruzo. Akarudi nyumbani na furaha.

Sasa sikilizeni jinsi mambo mawili yalivyokutana. Katika wiki hizo tano mabati ya nyumba ya katibu yalivuja, na daftari likalowa. Kurasa za mikutano miwili hazisomeki kabisa, wino umekuwa maji ya buluu. Wakasema hakuna shida, picha ziko ndani ya simu. Kufungua simu, hakuna hata picha moja. Ni tupu kama siku ya kununuliwa. Na katika mikutano hiyo miwili kuna watu walikuwa wamelipa mikopo.

Kijana mmoja wa kikundi, ambaye hufanya kazi katika kibanda cha simu, akaichukua, akabonyeza nyota, reli, sufuri, sita, reli. Ukibonyeza hivyo simu inaonyesha nambari yake yenyewe, tarakimu 15. Hiyo si nambari ya laini, ni nambari ya chombo, na kila simu ina yake. Simu ya laini mbili huonyesha nambari mbili. Nambari hiyo huandikwa pia juu ya boksi. Boksi lilikuwa kwa katibu. Wakaleta boksi, wakalinganisha. Hazifanani.

Jameni, mnaweza kufikiria yaliyosemwa jioni ile. Kwamba mweka hazina ameuza simu nzuri, akajitafutia ex-UK huko Luthuli Avenue kwa bei ya chini, na picha amezifuta makusudi kuficha pesa za mikopo. Hakuna aliyemwambia usoni. Walianza tu kumuuliza maswali mafupi, na kununua mboga kwa mwingine. Mkutano uliofuata hakuja. Uliofuata pia hakuja. Mzee mmoja ndiye aliyekuja ofisini akatuambia, "Huyu binti mnamwacha azame, na ninyi ndio mlimtuma."

Tulikwenda naye dukani siku ya tatu yake. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Akatoa faili, akatuonyesha karatasi iliyokuja na simu kutoka Nairobi. Imeandikwa waziwazi kwamba simu ya kwanza haikuweza kutengenezwa, mahali pake imetolewa nyingine iliyofanyiwa ukarabati, na nambari zote mbili zipo, ya zamani na mpya. Ile ya zamani ni ileile iliyo juu ya boksi. Tukamuuliza mbona mteja hakupewa nakala. Akasema hakuna anayeiulizaga. Karatasi moja tu, imelala ndani ya faili wiki sita, na huku nje jina la mtu linachafuliwa.

Hebu tueleze kidogo simu iliyokarabatiwa ni nini, kwa sababu wengine mnadhani ni mtumba tu. Simu hurudishwa kwa sababu nyingi. Nyingine mnunuzi hakuipenda, nyingine ilikuwa na kasoro moja, pengine betri au kioo. Kiwandani au kwa mafundi walioidhinishwa hufunguliwa, kilichoharibika kinabadilishwa, inajaribiwa, inafutwa kila kitu cha mwenyewe wa kwanza, halafu inatolewa tena. Ikifanywa hivyo kwa uaminifu, simu hiyo inaweza kudumu kama nyingine. Na si vibaya kabisa kutengeneza badala ya kutupa. Ndani ya simu kuna dhahabu, kuna shaba, na betri nyingi zina kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani hutoka kwa jirani zetu wa Kongo, na wengine huko huichimba kwa mikono yao. Kwa hiyo hatusemi mkatae kila simu ya namna hiyo. Ubaya ni kupewa bila kuambiwa.

Na hapo sheria iko upande wenu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora wa kutosha, na haki ya kupata habari anazohitaji ili bidhaa hiyo imfae. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakwenda mbali zaidi. Inahesabu kuwa ni udanganyifu mtu kusema bidhaa ni mpya na kumbe imetumika au imekarabatiwa. Kwa hiyo muulize mwenye duka swali moja tu, "Hii ni mpya au imekarabatiwa?" na umwombe aandike jibu. Mkono wake ukiwa mzito kuandika, utakuwa umejifunza kitu.

Waranti nayo isomwe, na hapa tunajisemea sisi kwanza. Waranti nyingi huandikwa kwamba kampuni inaweza kutengeneza au kubadilisha, tena kubadilisha kwa kutumia simu au vipuri vilivyokwisha kutumika. Ukitia sahihi umekubali. Kingine ni muda. Wengi hudhani simu ya pili huja na miezi 12 mingine. Mara nyingi sivyo. Apple ya Marekani, kwa mfano, huandika kwamba simu ya kubadilishiwa hupata muda uliobaki wa waranti ya kwanza au siku 90, ule ulio mrefu zaidi. Kampuni nyingine zina masharti yao. Ya kikundi chetu ilikuwa imebakiza miezi sita na siku chache, na tumeyaandikisha hayo kwenye risiti kwa mkono wa mwenye duka.

Kabla simu haijaondoka mkononi mwako, toa laini. Toa kadi ya kumbukumbu ikiwa ipo. Kama simu bado inawaka, hamisha picha na majina kwa simu ya mwenzako unayemwamini, halafu uifute, maana huko inakokwenda huwezi kujua ni macho mangapi yataiangalia, na huenda isirudi kwako tena. Ile yetu ya zamani hatujui iko wapi leo. Kuna mama mmoja aliuliza wiki jana kama pesa zake za M-Pesa zilikwenda na simu. La, mama. Pesa hazikai ndani ya simu, zinakaa katika akaunti ya laini yako huko kwa kampuni. Laini ukiwa nayo na nambari ya siri ukiwa nayo kichwani, pesa zako ziko salama. Lakini ukiacha laini ndani, na nambari ya siri umeiandika nyuma ya kava, kama tulivyoona kwa mtu fulani hapa ambaye anacheka sasa, hiyo ni habari nyingine.

Siku ya kuipokea, usiwe na haraka ya basi. Bonyeza zile tarakimu, linganisha na karatasi, piga simu hapohapo, iweke kwa chaji hapohapo. Angalia kama inakuuliza akaunti ya mtu mwingine. Simu ikifutwa bila akaunti ya mwenyewe wa kwanza kuondolewa, hujifunga na kumdai yule wa kwanza aifungue. Ukifika nyumbani nayo hivyo, umebeba jiwe.

Duka likikataa kukusikiliza, andika barua, weka nakala. Iko Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi. Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe kwa siku 60. Hatusemi mkimbilie huko kwa sababu ya simu ya shilingi 13,500. Tunasema tu mjue mlango uko wapi, maana hata mwenye duka anajua.

Sasa turudi kwa kikundi. Mwenye duka alituandikia barua, akapiga muhuri. Barua hiyo ilisomwa mbele ya wanachama wote 27, na yule kijana wa kibanda cha simu ndiye aliyesimama akasoma nambari moja moja, boksi kwa mkono huu, barua kwa mkono ule. Alipomaliza akaomba msamaha, na sauti yake ilikwama. Wengine waliinamisha vichwa. Sisi nasi tuliomba msamaha kwa lile jibu letu la kwenye simu.

Zile kurasa mbili zilizolowa tumezijenga upya kwa vitabu vidogo vya wanachama na kwa ujumbe wa M-Pesa ulio katika simu zao wenyewe. Ilichukua Jumamosi mbili. Hesabu imekubali isipokuwa shilingi 1,150, ambazo hakuna anayeweza kusema zililipwa na nani. Kikundi kimeamua ziandikwe hivyo hivyo, hazijulikani, wala asidaiwe mtu.

Mweka hazina ameendelea kuwa mwanachama. Anakuja, anaweka akiba yake. Lakini ufunguo wa sanduku ameurudisha, na tulipomwomba auchukue tena alisema, "Mniache kwanza." Tumemwacha. Simu inafanya kazi vizuri hadi leo, na iko hapa mezani kwa wanaotaka kuiona.

Wale ambao simu za vikundi vyao ziko kwa fundi au zimepelekwa mjini, tafadhali msiondoke. Leteni risiti zenu hapa mbele tuzisome pamoja. Na aliye na boksi la simu nyumbani, leo jioni aandike zile nambari kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.