Kushuka Kwenye Baiskeli na Kuisukuma Si Aibu

Mazungumzo kwa wakazi wa Elgeyo Marakwet kuhusu usalama wa baiskeli kwenye njia za mawe



Mtu wa Keiyo au Marakwet haambiwi mteremko ni nini. Mji wa Iten uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Ukingoni mwa bonde kuna vijia vya mawe ambavyo watu na mifugo wamevipita miaka mingi. Siku hizi wapo vijana wanaovishuka kwa baiskeli za milimani. Mchezo huu unajenga mwili, unavuta wageni na kumpa kijana shughuli ya maana. Hata hivyo, jiwe halimjui bingwa.

Kenya inalijua hilo kwa uchungu. Agosti 2022, Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alifariki baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont Overland nchini Marekani. Alikuwa mmoja wa waendesha baiskeli waliosifika zaidi nchini. Ikiwa hatari ilimfika mtu wa kiwango chake, kijana anayejifunza hana sababu ya kuidharau.

Usalama kwenye mteremko huanza kabla gurudumu halijasogea. Mwendeshaji mzoefu akifika mahali asipopajua, huiacha baiskeli juu na kutembea hadi chini. Hutazama ni jiwe lipi limeshika ardhi na lipi linacheza, kokoto zimejaa wapi, na mahali palipo wazi pa kusimama ikiwa mambo yataharibika. Baada ya mvua hurudia kazi hiyo, kwa sababu maji huhamisha mawe na kuchimba mitaro. Njia aliyoishuka Jumamosi huenda isiwe ile ile Jumatatu.

Jambo la pili ni breki. Mwaka 1976, katika milima ya Marin County, California, waanzilishi wa mchezo huu walianza kushindana kwenye njia iitwayo Repack, inayoteremka takriban mita 400 katika umbali wa takriban kilomita tatu. Baiskeli zao nzito za zamani zilikuwa na breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Breki hizo zilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya kila mteremko ililazimu grisi mpya itiwe. Jina la njia hiyo lilitokana na kazi hiyo ya kutia grisi upya. Funzo lake bado lipo: breki inayobanwa bila kupumzishwa hupata moto na kupoteza nguvu. Mwendeshaji asimame mara kwa mara zipoe. Na ile Black Mamba ya kubebea maji na mizigo, yenye breki za vyuma, haikuundwa kwa miamba. Iachwe barabarani.

Tatu ni mwili. Kwenye mteremko mkali, mwendeshaji hushusha kiti, husimama juu ya pedali na kusogeza makalio nyuma. Viwiko na magoti hukunjwa ili yapokee mishtuko. Pedali hukaa sawa, moja mbele na nyingine nyuma, ili ya chini isigonge jiwe. Macho hutazama mita kadhaa mbele, si kwenye tairi, kwa kuwa baiskeli hufuata macho. Mwendo hupunguzwa kabla ya kufika kwenye jiwe, kwa breki zote mbili, taratibu. Anayebana ghafla breki ya mbele akiwa juu ya jiwe hupinduka mbele ya usukani wake.

La nne ndilo gumu kwa vijana, maana linagusa fahari yao. Mwendeshaji akiwa na shaka, ashuke na kuisukuma baiskeli. Marafiki wanaweza kucheka kwa dakika moja, lakini mfupa uliovunjika huchukua majuma mengi kupona, na huenda familia ikauza mbuzi kulipia matibabu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wazazi na makocha wamsifu anayeshuka kwa busara kama wanavyomsifu mwenye mbio.

Vijia hivi pia si mali ya wenye baiskeli peke yao. Mama aliyebeba kuni, mtoto anayetoka shule na mchungaji mwenye mbuzi wana haki ya kupita bila hofu. Anayeteremka ndiye anayepaswa kusimama na kumpisha anayepanda. Kwenye kona apige kengele au aite. Asifungue njia mpya kwa kukata vichaka, kwa sababu udongo ulioachwa wazi kwenye ukingo huu hubebwa na mvua, na walio chini ndio wanaoumia.

Mwisho, asiende mtu peke yake. Avae helmeti iliyofungwa kidevuni, glavu na viatu vigumu, na amwambie mtu wa nyumbani njia atakayopita na saa ya kurudi, kwa kuwa kuna sehemu mtandao wa simu haushiki. Akianguka mtu na kulalamika maumivu ya shingo au mgongo, asiinuliwe, na helmeti isivutwe maadamu anapumua vizuri. Jeraha linalotoka damu libanwe kwa kitambaa safi. Mmoja abaki naye, mwingine atafute msaada: polisi kwa 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199.

Mteremko huu utakuwepo kesho na keshokutwa. Kijana aliyeshindwa kuuteremka leo anaweza kurudi kuujaribu tena, mradi afike nyumbani salama jioni ya leo.