Nukta Kwanza, Kanuni Baadaye: Kufundisha Mlinganyo wa Haipabola



Mada hii inahusu swali ambalo wanafunzi wetu wa kidato cha tano na cha sita hukutana nalo katika jometri ya majiranukta: umepewa nukta chache za haipabola, tafuta mlinganyo wake. Wengi hukimbilia kanuni waliyoikariri. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi azichore nukta na kuzisoma kabla hajagusa kanuni, kwa kuwa a, b na c ni urefu unaopimika kwa rula.

1. Maana ya haipabola

Haipabola ni mkusanyiko wa nukta ambazo tofauti ya umbali wake kutoka nukta mbili maalumu, yaani fokasi, haibadiliki. Ina matao mawili, na kila tao lina ncha yake. Katikati ya ncha hizo ndipo kilipo kitovu. Kutoka kitovu hadi ncha ni a. Kutoka kitovu hadi fokasi ni c. Tofauti isiyobadilika ni 2a, na b² = c² − a².

2. Mfano

Ncha ni (−1, 1) na (5, 1). Fokasi ni (−3, 1) na (7, 1).

Nukta zote zina y = 1, hivyo mhimili wa fokasi umelala. Kitovu ni (2, 1). Tukihesabu kutoka hapo, a = 3 na c = 5, kwa hiyo b² = 25 − 9 = 16. Mlinganyo ni:

(x − 2)²/9 − (y − 1)²/16 = 1

Tuhakiki. Tukiweka x = 7, tunapata nukta (7, 19/3). Umbali wake hadi fokasi ya karibu ni 16/3, na hadi ya mbali ni 34/3. Tofauti ni 18/3 = 6, ambayo ndiyo 2a.

Hesabu hiyo hiyo hutuokoa ncha zisipotajwa. Tukipewa fokasi mbili na nukta (7, 19/3) peke yake, tofauti ya umbali inatupa a = 3 mara moja, na mengine yanafuata.

3. Panapokosewa

Mwanafunzi aliyetoka kwenye duaradufu huja na mazoea mawili. Kwanza, huandika c² = a² − b², ilhali kwenye haipabola c² = a² + b², kwa kuwa fokasi ziko mbali na kitovu kuliko ncha. Pili, hutafuta mhimili kwa kuangalia asili iliyo kubwa. Kwenye haipabola ukubwa hauamui. Alama ya kujumlisha ndiyo inayoamua. Katika y²/9 − x²/16 = 1, ncha ziko juu na chini, (0, 3) na (0, −3), ingawa 16 inaizidi 9.

4. Matumizi

Mwaka 1942 Uingereza ilianza kutumia mfumo wa Gee kuongozea ndege zake za kivita. Rubani hakupima umbali wake hadi kituo cha redio. Kilichopimwa ni tofauti ya muda wa mawimbi kutoka vituo viwili. Mawimbi husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo tofauti ya sehemu 100 za milioni ya sekunde ni kilomita 30. Ndege iko kwenye haipabola yenye 2a = 30, na vituo ndivyo fokasi. Jozi nyingine ya vituo hutoa haipabola ya pili, na ndege iko pale zinapokatana.

5. Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kila swali lianze na mchoro, na mchoro upewe alama wakati wa kusahihisha. Haipabola na duaradufu zifundishwe sambamba ubaoni ili tofauti zake zionekane. Na mwanafunzi azoeshwe kuhakiki jibu kwa kupima umbali hadi fokasi zote mbili, ili aweze kuutetea mlinganyo wake hata kitabu cha majibu kisipokuwepo.