Ua Unaomficha Mwizi



Nimeombwa niseme machache, nami nimechagua habari ya ua. Baadhi yenu mnacheka. Sikieni kwanza yaliyonipata.

Nilipojenga hapa Usevya nilizungushia nyumba yangu minyaa. Mnaijua: haitaki maji mengi, mbuzi hawaili, na utomvu wake ukiingia jichoni utajuta. Niliiacha ikapita kimo cha mtu, nikajisifu kuwa nimejenga ngome. Usiku mmoja wezi wakavunja dirisha la nyuma kwa nafasi yao, wakachukua baiskeli na magunia mawili ya mpunga. Jirani yangu alikuwa macho akiuguza mtoto. Hakuona kitu. Ua wangu ulimziba yeye, haukuwaziba wao.

Asubuhi nilishika panga nifyeke kila kitu, hata mwembe. Mama watoto akasimama mbele ya mwembe, akakataa. Baadaye nimesoma kwamba alikuwa na haki. Mwaka 2001 wataalamu wawili, Frances Kuo na William Sullivan, walieleza uchunguzi wao wa majengo 98 ya nyumba za umma mjini Chicago, Marekani. Yaliyokuwa na miti na majani mengi yalipata uhalifu pungufu kwa asilimia 52 kuliko yaliyokuwa na mimea michache. Wao waliona kwamba kivuli huwatoa watu nje, na palipo na watu mwizi hana raha. Lakini angalieni: ilikuwa miti mirefu na majani mafupi, si vichaka.

Wenzetu wa Lamu na Unguja wana baraza zao mbele ya nyumba. Mgeni hapiti mtaani asionwe na wazee. Huku bara, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipanga nyumba nyingi kwa mistari, milango ikiitazama njia. Sungusungu wakaja miaka ya 1980. Hata hivyo, sungusungu hodari namna gani haoni kupitia minyaa.

Kwa hiyo nimeukata ua ukabaki kama mita moja. Mwembe nimeupogoa matawi ya chini, kuanzia mita mbili mtu aonekane, na chini yake nimeweka benchi. Mahindi siyapandi tena hadi ukutani. (Njaa ya mwizi siwezi kuipogoa, hiyo ni hotuba nyingine.)

Limebaki jambo moja, nalo linanichoma. Wasichana waliopanga vyumba karibu na kwangu wameniambia kwamba jioni, wakienda kuteka maji, hupita mbio kwenye kichochoro cha nyuma, kwa kuwa minyaa imekutana juu kama pango. Upande mmoja wa kichochoro hicho ni ua wangu. Mbele nilipunguza, nyuma niliacha, kwa sababu mimi sipiti huko.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa hapo na panga langu. Anayeweza aje na lake, na afunike macho.