Mama, Vuta Kiti: Kuanza Mazoezi ya Nguvu Nyumbani

Leo, ukiweza, vuta kiti karibu. Tutakitumia.

Nikitaja mazoezi ya kuongeza nguvu, akina mama kliniki hucheka. "Sista, mimi nachota maji, nafua, nalima, nabeba mtoto mgongoni. Mazoezi gani tena?" Swali hilo ni la haki. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20 na zaidi kidogo, na hakuna anayeweza kukuambia hiyo si kazi.

Lakini mtungi haukuulizi kama uko tayari. Uwe umelala vizuri au umekesha na mtoto, uwe umejifungua mwezi uliopita au una miaka 60, uzito wake ni ule ule. Tena kazi nyingi za nyumbani hutuinamisha mbele siku nzima, na mapaja na makalio, ambayo yana misuli mikubwa kabisa mwilini, hayasaidii inavyopasa. Jioni kinacholia ni kiuno.

Mazoezi ni tofauti. Unaanza na mzigo unaouweza, unaongeza kidogo kidogo, halafu unaupa mwili siku ya kupumzika. Misuli hujijenga wakati huo wa kupumzika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima aimarishe misuli mikubwa ya mwili angalau siku 2 kwa wiki. Kwa anayeanza, dakika 15 au 20 kila siku hiyo zinatosha, na huhitaji kununua vyuma.

Sasa kiti. Kiwe imara, na ukiegemeze ukutani. Kaa sehemu ya mbele, nyayo zote mbili sakafuni, miguu iachane kadiri ya mabega. Peleka kifua mbele kidogo, sukuma sakafu kwa miguu, simama wima. Kisha rudi kuketi polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala. Hapo kwenye kurudi ndipo wengi hujiangusha, na hapo ndipo misuli hufanya kazi. Toa pumzi unaposimama. Usiizuie, hasa kama una shinikizo la juu la damu.

Fanya mara 8, pumzika dakika 1 au 2, rudia mara 8 nyingine. Ikikushinda, weka mto mgumu juu ya kiti ili usishuke sana, au jisaidie kwa mikono. Ukifika mara 12 bila taabu, kumbatia pakiti ya unga ya kilo 2. Wapo wanaomkumbatia mtoto badala ya unga. Mimi nasema ngoja kwanza mpaka usiyumbe hata kidogo.

Baada ya kiti, nenda ukutani. Weka viganja ukutani usawa wa kifua, rudisha miguu nyuma hatua moja, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, kisha jisukume kurudi. Halafu lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, inua makalio juu, shusha polepole. Mwisho, chukua mtungi mdogo wa lita 5, utie maji lita 2. Shika kiti kwa mkono mmoja, inama kuanzia nyonga huku mgongo umenyooka, na uvute mtungi mpaka ubavuni. Badilisha mkono. Hesabu ni ile ile ya 8.

Kesho yake au kesho kutwa utasikia misuli inauma kidogo. Hiyo ni kawaida, itapita. Lakini maumivu makali ya kiungo, maumivu ya kifua, kizunguzungu au damu kutoka ukeni si kawaida. Acha mara moja na uende ukaonwe.

Wewe uliyejifungua karibuni, usikimbilie mtungi. Ngoja ukaguliwe, na nafasi nzuri ni siku ile unayompeleka mtoto chanjo ya wiki 6. Mwulize muuguzi kuhusu tumbo lako pia, hasa kama ulipasuliwa, au kama ukijaribu kuinuka kutoka chali unaona tuta likijitokeza katikati ya tumbo.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama huniambia kwa kunong'ona, mlango ukishafungwa: mkojo kutoka wakikohoa au wakicheka. Wengi hudhani ni bei ya kuzaa. Sivyo, na mara nyingi unaweza kupata nafuu. Bana misuli ile unayotumia kuzuia mkojo, hesabu mpaka 5, legeza kabisa. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Usifanye ukiwa unakojoa. Endelea kwa miezi 3 hivi kabla ya kusema halisaidii, na kama hakuna nafuu, mwambie muuguzi bila haya.

Na wewe unayemwuguza mzazi asiyeweza kuinuka kitandani, zoezi la kiti ni lako hasa, kwa sababu mgonjwa huinuliwa kwa mapaja, si kwa kiuno. Hata hivyo, ukiwa na nguvu kiasi gani, mzito mwite mtu wa pili mshike pamoja. Nyanya anayelea wajukuu naye aanze bila mzigo, kiti kikiwa ukutani na mtu karibu. Misuli hujibu hata katika umri huo.

Utapata wakati wapi? Maharagwe yakiwa jikoni. Chagua siku 2 zisizofuatana, tuseme Jumanne na Ijumaa, na uanze na kiti peke yake kama mengine yanakuchanganya. Wiki ijayo tutazungumza juu ya namna ya kuinua mtungi uliojaa bila kuumiza mgongo. Mpaka hapo, kwaheri.