Bunduki Ilipatikana, Haki Je?



Tarehe 21 Februari 1965, Malcolm X, al-Hajj Malik el-Shabazz, aliuawa pale Audubon Ballroom, New York, mbele ya mkewe na wanawe. Silaha zilikuwa tatu: shotgan moja iliyokatwa mtutu na bastola mbili. Hiyo shotgan ilipatikana humo humo, imeviringwa ndani ya koti.

Sasa sikizeni. Silaha iko mezani. Talmadge Hayer amekamatwa hapo nje, risasi ziko mfukoni. Kesi nyepesi, sivyo? Lakini mwaka 1966 walifungwa maisha watu watatu. Hayer mwenyewe aliiambia korti: wale wawili, Muhammad Aziz na Khalil Islam, hawakuwepo katika jambo hili. Hakusikizwa. Wakakaa ndani miaka 20 na zaidi. Korti iliwasafisha Novemba 2021, baada ya kubainika FBI na polisi walificha ushahidi. Islam alikuwa kaburini tangu 2009.

Siku tatu baada ya Malcolm, hapa kwetu Nairobi akapigwa risasi Pio Gama Pinto. Kisilu Mutua akafungwa, akatoka 2001, akisema hana hatia. Aliyetuma hajashtakiwa mpaka leo.

Vijana, bunduki haina ulimi. Mkionyeshwa silaha kwa runinga mkaambiwa kesi imekwisha, ulizeni: nani aliishika? Nani alimtuma? Na nani anaficha faili?

Wabillahi tawfiq.